Nafasi ya Bi Ashura

Sogeeni. Anayepukuchua mahindi na apukuchue, mwenye mtoto na amnyonyeshe. Kwa sasa nataka masikio yenu tu. Ndimi nitazitaka mwishoni, maana hadithi hii sijawahi kuimaliza peke yangu. Kila nikiisimulia watu huondoka wamenuniana. Kuna mtu na mkewe walikuja kunisikiliza wakicheka, wakarudi kwao kila mmoja na njia yake. Kwa hiyo msije mkasema hamkuonywa.

Kule Irangi, kwenye vilima vya Kondoa, palikuwa na nyumba moja yenye watu watatu waliojaliwa.

Wa kwanza alikuwa Mwajabu, binti mkubwa, naye alijaliwa masikio. Mwajabu alimsikia kuku anayetaka kutaga kabla kuku mwenyewe hajajijua. Ukimteta jikoni naye yuko kisimani, jioni anakujibu. Aliachika angali kijana akarudi kwa baba yake, na wenye midomo walisema mume alichoka kuishi na mtu anayesikia hata yasiyosemwa.

Wa pili alikuwa Isumaili, mdogo wake, naye alijaliwa mikono. Kazi yake kufyatua matofali. Akilikamata jembe, udongo husogea kabla haujaguswa. Kwenye swala, hapo tumsitiri. Msikitini alionekana Idi hadi Idi, na hata siku hiyo alikaa karibu na mlango.

Wa tatu alikuwa Tausi, mke wa Isumaili, aliyeolewa kutoka mbali, kwenye mabonde ya mpunga ya Usangu, hana baba wala mama. Yeye alijaliwa moyo usiotetemeka. Siku anajifungua, nyoka aliingia chumbani, wakunga wakatoka mbio. Tausi akamtazama nyoka, nyoka akamtazama Tausi, nyoka akaona haya akaenda zake.

Na mwenye nyumba? Huyo alikuwa Mwalimu Swalehe Duru, aliyeongoza shule ya kijiji mpaka akastaafu. Nusu ya wazazi wa pale walikuwa wamekula fimbo zake, na wote walimwamkia kwa adabu, wengine hadi leo huficha mikono nyuma wakimwona. Yeye alijaliwa nini? Labda elimu, labda subira. Lakini mimi nitawaambia alichokuwa nacho ambacho hakuna aliyekijua. Mwalimu alikuwa na hofu.

Ilimwanza mkewe alipofariki. Yeye na Bi Ashura walikuwa wameahidiana kwenda Hija pamoja. Walijinyima ujana wao wote, wakajiandikisha kwenye msafara, wakapata nafasi mbili. Bi Ashura akashona nguo nyeupe, akaikunja, akaanza kuwaaga majirani mapema mno, kama ilivyokuwa tabia yake. Kisha akaugua kidogo tu, akafa. Nafasi yake ikabaki. Ndugu walimwambia Mwalimu aiachie, akakataa. Wakamwuliza amempangia nani, naye mwenyewe hakujua.

Tangu siku ile aliogopa kufa kabla hajafika. Usingizi ulikuwa ukimchukua anashtuka, anashika kifua kuona kama moyo bado unapiga. Swala nayo aliikimbilia. Zamani alikuwa mtu wa kutulia, anatawadha taratibu, anafika msikitini kwa wakati wake. Sasa muda ukiingia tu anakurupuka. Alijiambia, je, nikifa sasa hivi, swala hii si nitadaiwa, na nani atanilipia? Watoto wake waliona haraka hiyo wakadhani ni ucha Mungu umezidi. Kumbe ilikuwa hofu.

Sasa sikilizeni habari za mto. Kijiji kile kimekatwa katikati na mto wa mchanga, watu wanauita Mchangani. Kiangazi hauna tone la maji juu. Maji yako chini, na anayeyataka huchimba shimo kwenye mchanga mpaka ayakute. Kiangazi kikizidi, shimo nalo huzidi, mpaka mtu mzima anazama mzima mzima, anashuka kwa vidato vilivyochongwa ukutani. Maji yakikauka shimo huachwa, linachimbwa lingine pembeni. Kwa hiyo mto ule una mashimo kila mahali, mapya na yaliyokufa.

Kila mtoto wa kijiji kile anajua sheria moja, na aliyewafundisha ni Mwalimu Swalehe mwenyewe, kwa fimbo: usishuke shimoni peke yako. Mchanga hauna rafiki. Unasimama wima mwezi mzima, halafu unaporomoka kwa sababu umekohoa. Alikuwa akiwaimbisha pale mstarini, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, na mkuu mwenyewe asiposikia lake, huvunjika nini?

Mwalimu alikuwa akivuka Mchangani kila adhuhuri kwenda kusomesha Kurani ng'ambo ya pili. Siku hiyo somo lilichelewa kwisha, kwa kuwa kulikuwa na kitoto kimoja kila kikifika aya fulani kinaruka. Alipotoka, Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Akashuka mtoni mbio mbio. Jua lilikuwa kali, mbingu juu yake nyeupe kabisa. Mbali sana, kwenye milima inakoanzia mto, palikuwa na weusi kidogo. Aliuona. Siku nyingine angesimama akautazama vizuri.

Katikati ya mto akasimama. Nyumbani bado kuna mwendo, jua linateremka, na hapo miguuni pake pana shimo lenye maji. Akavua kanzu, akaivingirisha, akaiweka ukingoni na viatu juu yake. Akashuka.

Alitia maji viganjani, akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso. Maji yalikuwa baridi, na moyo wake ukaanza kutulia. Aliinama kuosha mkono wa kushoto, bega likagusa ukuta. Ukuta ulishusha pumzi. Hakuna kishindo, hakuna mlio wa kutisha. Mchanga ulikuja tu, mwingi, mzito, na alipofumbua macho ulikuwa umemfika kwapani.

Mkono mmoja ulikuwa juu. Mwingine hakuuona tena.

Alipiga kelele. Sauti ilipanda kwenye shimo ikaishia mdomoni mwa shimo. Akapiga tena. Akagundua jambo ambalo hata kulisimulia mimi huwa silipendi: kila akitoa pumzi, kifua kikishuka, mchanga unashuka nacho na kukaa pale. Anapotaka kuvuta pumzi nyingine, nafasi imepungua. Kwa hiyo kila ukelele ulimkaba. Mwalimu akanyamaza, akaanza kupumua kidogo kidogo, anaogopa pumzi zake mwenyewe.

Katika ukimya ule ndipo akahisi mtetemo. Haukuwa wa radi. Ulikuwa chini, kwenye mchanga wenyewe, unamtikisa mbavu. Watu wa kule hawana haja ya kuelezwa. Kwao mvua inanyesha milimani wewe uko juani, na mto unashuka na magogo na mizoga kwenye mchanga mkavu ulimokuwa umetandika uwele wako ukauke. Mwalimu alijua. Mto ulikuwa unashuka, na yeye alikuwa amesimama katikati yake amezikwa nusu.

Aliogopa, jamani. Msije mkaambiwa kwamba mcha Mungu haogopi. Alilia kama mtoto, akamwita mama yake aliyekufa zamani, akamwita Ashura. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyotuketisha hapa. Alisema, "Ya Rabbi, naweka nadhiri. Atakayeniokoa na kifo hiki, huyo ndiye nitakayekwenda naye kwenye Nyumba yako, akae mahali pa Ashura. Nikilivunja neno hili, nirudishe humu humu."

Alipomaliza akaona kelele hazimfai. Kelele za mtoni ni nyingi, za watoto, za wachunga mbuzi, nani atazijali? Akaamua kuadhini. Adhana ya Alasiri imeshapita, ya Magharibi bado. Mtu akisikia adhana saa isiyokuwa yake, tena kutoka mtoni, huenda akajiuliza. Akaanza, neno moja kwa pumzi moja, na kila neno lilimgharimu nafasi ya kifua.

Haya yanayofuata hakuyaona, alisimuliwa baadaye.

Mwajabu alikuwa uani anapepeta uwele. Isumaili alikuwa amejilaza kwenye mkeka, Tausi ana mtoto mgongoni. Ghafla ungo wa Mwajabu ukasimama hewani.

"Nyamazeni," alisema.

"Dada naye, kishaanza," alisema Isumaili.

"Kuna mtu anaadhini."

"Alasiri imeshaadhiniwa kitambo. Labda kipaza sauti cha kijiji cha pili."

"Si kipaza sauti. Ni baba. Na sauti inatoka chini ya ardhi."

Isumaili alicheka. Tausi alisikiliza, hakusikia kitu. Kuku hawakusikia kitu. Lakini Mwajabu alishautupa ungo, uwele umemwagika wote, anakimbia na kichwa wazi, mtu ambaye hata kuchota maji hutoka na ushungi. Hapo Isumaili akaacha kucheka, akanyakua jembe, Tausi na mtoto nyuma yake. Walipofika ukingoni waliona mto mtupu, mashimo kila mahali, na sauti ilishakatika. Mwajabu alisimama akafumba macho. Akaelekeza kidole. "Lile pale, la pili kutoka kwenye jiwe. Na kimbieni, maana nausikia mto nyuma ya mlima."

Mwalimu yeye alichokiona ni mbingu kuzibwa na kichwa cha mwanawe.

Isumaili hakushuka kwanza. Alizunguka mdomo wa shimo akiukata na kuusukuma mchanga wa juu nje, ili wasizikwe wote wawili, na alifanya hivyo kwa kasi ambayo hata wafyatua matofali wenzake hawaiamini wakisimuliwa. Kisha akateleza ndani, akalitupa jembe asije akamkata baba yake, akachimba kwa mikono. Alikuwa akiuchota mchanga kwa kifua, kwa viwiko, kwa kidevu. Kucha zikang'oka. Kifua cha Mwalimu kikapata nafasi, akavuta pumzi ya kwanza kamili, na pumzi ile ilimwuma kwa utamu. Mkono uliopotea ukapatikana. Kiuno kikaonekana.

Chini ya kiuno mchanga ulikuwa na maji, umemshika. Isumaili alimkumbatia akavuta. Hakuna kilichosogea. Akavuta tena, na Mwalimu akasikia kitu kikilia, akadhani ni uti wake wa mgongo. Lilikuwa bega la Isumaili limeteguka. Isumaili aling'ata mdomo, akavuta kwa mkono uliobaki.

"Toka, mwanangu," Mwalimu alisema. "Una mtoto. Nimekuamuru, toka."

"Baba, leo usinifundishe kitu," alisema Isumaili, machozi yanachuruzika. "Leo nyamaza."

Juu ukingoni Mwajabu alipiga yowe. "Umefika kwenye mikuyu! Nauona! Tokeni!"

Hapo ndipo Tausi alipoingia. Alimfungua mtoto mgongoni, akampa wifi yake, akaishika kanga mkononi, akavuka mchanga na kushuka shimoni, huku watu wa kijiji waliokwisha kujaa ukingoni wakimpigia kelele arudi. Aliipitisha kanga kwapani mwa baba mkwe wake akafunga fundo. Kisha akamgeukia mumewe.

"Acha kuvuta."

"Una wazimu?"

"Mchanga hauachii kwa kuvutwa. Utaachia maji yakiingia. Kwetu ng'ombe akizama tunamtoa hivyo."

"Maji yakiingia atakufa, Tausi! Na sisi tutakufa!"

"Maji ya kwanza ni membamba. Yanayoua ni ya nyuma yake. Tutatoka katikati hapo."

Mwalimu aliwasikia wakimjadili, na mwili wake wote ulikataa. Alitaka kusema hapana, vuteni, nikateni miguu, chochote isipokuwa kungoja maji. Lakini Tausi alimshika kidevu, jambo ambalo mkwe hamfanyii baba mkwe katika hali yoyote, akamgeuza uso. "Baba, nitazame mimi. Usitazame juu."

Akamtazama. Akaona macho yaliyotulia kabisa, akayashikilia.

Maji yakaja. Yalimwagika kutoka ukingoni mwa shimo, mekundu, yana nyasi na povu. Yakamfika kiunoni, kifuani, shingoni. Mwalimu akaanza kutapatapa, Tausi akamkaza kidevu. "Bado. Tikisa mguu wa kulia, baba. Polepole. Sasa wa kushoto. Bado." Yakaufikia mdomo. Ndipo Mwalimu akahisi chini kule vidole vyake vya miguu vikichezacheza, mchanga umekuwa uji. "Sasa!" Tausi alisema, na Isumaili kwa mkono wake mmoja akamrusha juu, na Tausi akasukuma kwa bega, wakatoka wote watatu. Walikokotana kwenye maji ya magotini hadi ukingoni. Mwalimu aligeuka mara moja tu. Ukuta wa maji wenye magogo ulipita pale alipokuwa, na shimo halikuwepo tena, wala kanzu, wala jiwe.

Mngedhani hofu iliishia hapo.

Siku za mwanzo nyumba ilijaa wageni. Walikuja na kuku, walikuja na dua, kila mmoja akitaka asimuliwe upya. Isumaili alifungwa bega na akaambiwa matofali ayasahau kwa muda mrefu. Mwalimu alikuwa akitabasamu, ila alikuwa akimega tonge moja tu. Alikuwa ameikumbuka nadhiri. Hakuna aliyeisikia ila Mungu, na angeweza kuinyamazia. Lakini kila akifikiria kunyamaza, alisikia maneno yake mwenyewe: nirudishe humu humu. Akioga, maji yakimpita usoni alikuwa akishika ukuta.

Basi siku moja wakila chakula cha mchana, ugali wa uwele na mlenda, akawaambia. Labda angekwenda kwanza kuuliza wenye elimu. Labda angemwita mmoja mmoja. Lakini mtu aliyebeba mzigo mzito huutua popote, na yeye aliutua pale pale kwenye sinia. Mikono yote ikasimama.

"Basi ni dada," alisema Isumaili. "Yeye ndiye aliyesikia."

"Mimi? Nilisimama tu juu," alisema Mwajabu. "Ni wewe. Tazama bega lako."

"Mpelekeni yeyote," alisema Tausi. "Mimi ni mkwe tu."

Mwalimu akashukuru Mungu, akaona ana watoto wema. Lakini jamani, wema wa kwenye sinia haudumu hadi kesho yake. Kesho yake Mwajabu alimfuata baba yake akiwa peke yake.

"Baba, mimi sijasema kwa kutaka makuu. Lakini nani alimwogesha mama alipokuwa hawezi kugeuka? Nguo yake nyeupe iko sandukuni mwangu, alinipa mimi. Na siku ile nilichekwa. Mimi nisingesikia, mikono na moyo vingemfaa nani? Wangekuja kukuzika, tena kama mwili ungepatikana."

Jioni akaja Isumaili, mkono umefungwa shingoni, hakukaa. "Baba, hao wawili ni watu wa swala. Mungu anawajua. Mimi ndiye umekuwa ukiniombea toka nikiwa mdogo. Nikienda nitarudi mtu mwingine, naapa. Na kusikia ni kusikia tu, hata mbwa anasikia. Mimi nilikuchimbua kwa mikono hii. Kifua chako kingekuwa kimeshakabwa kabla hayo maji hayajafika."

Tausi hakuja. Mwalimu ndiye aliyemwendea, akamkuta anamwogesha mtoto. Akamwuliza naye anataka nini. Tausi alisema bila kuinua uso. "Toka nije hapa, baba, mimi ni yule wa kutoka mbali. Kwenye shughuli naosha vyombo, majina yakisomwa mimi simo. Sitasema nimefanya zaidi yao. Lakini wangekuvuta mpaka mto ukukute. Kama ni mahali pa mama, basi ningependa siku moja na mimi nikae mahali pa mama wa mtu."

Majirani nao hawakukaa kimya, na nani aliwahi kuwaona majirani wakikaa kimya? Wengine walisema damu ni nzito kuliko maji, mkwe ashukuriwe kwa kitenge. Wengine walisema mwana ni mwana, tena aliyepoteza bega. Wazee wa msikitini walimtetea Mwajabu kwa sababu ya mama yake. Na vijana wakasema wazi kwamba bila Tausi wangekuwa wanakula pilau la matanga. Kidogo kidogo nyumbani mambo yakabadilika. Mwajabu akaanza kupika chungu chake. Isumaili akamwambia mkewe neno moja kuhusu ng'ombe wa kwao, na neno hilo silirudii hapa. Sinia likawa masinia mawili, na Mwalimu anakula kidogo huku, kidogo kule, asionekane kupendelea.

Mwalimu akafunga safari hadi kwa Sheikh Hamadi, kiongozi wa msafara, akamweleza yote. Akamwomba mlango wa kutokea.

"Nikiwapigia kura je?"

"Ungeweka nadhiri ya kura, ningekuruhusu," alisema Sheikh. "Wewe ulimwahidi Mola kwamba utakwenda na aliyekuokoa."

"Nikiwapa na nafasi yangu, waende wawili?"

"Yako ni faradhi yako, hujaitimiza. Na hata ukiitoa, Mwalimu, bado atabaki mmoja. Hapo utamwambia nini huyo?"

"Basi niiache nafasi, asiende mtu."

"Hiyo ndiyo kuivunja." Sheikh alimshika mkono kwa huruma. "Wote watatu walikuokoa, hilo naliona. Lakini nafasi ya marehemu ni moja na sina nyingine. Alhamisi nitapita kwako nichukue jina. Zaidi ya hapo msafara haunisubiri."

Mwalimu alirudi nyumbani kwa njia ya mbali, ile ya kupitia darajani. Maisha yake yote alikuwa ametoa maksi. Alijua kumwambia mtoto umeshika mkia, na akalala usingizi. Sasa alitembea akijaribu kuyataja majina matatu kwa sauti, moja moja, na kila alilolitaja alimwona mwenye jina akifurahi, na nyuma yake nyuso mbili zikifungwa kama milango. Mle shimoni aliogopa kufa peke yake. Sasa aliogopa kuishi peke yake, na hofu hii ya pili, alikiri mwenyewe, ilikuwa kubwa zaidi. Maana ya kwanza aliweza kuipigia kelele.

Alhamisi Sheikh Hamadi alifika baada ya adhuhuri. Akawekewa kiti uani. Mwajabu alileta maji ya kunywa akabaki amesimama, gilasi mkononi. Isumaili alikuja kutoka nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza baba yake alimwona amevaa kofia siku isiyokuwa Idi. Tausi alisimama mlangoni na mtoto, si ndani si nje. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wote watatu walimtazama yeye.

"Haya, Mwalimu," alisema Sheikh. "Nitajie."

Mwalimu Swalehe alifungua mdomo, na kifua kikambana vile vile kama mle mchangani.

Na mimi aliyenisimulia alinyamazia hapo, akaniacha na mdomo wa mzee wa watu uko wazi. Nimekuwa nikiubeba hivyo mji hadi mji. Kwa hiyo naomba ndimi zenu sasa. Bila masikio ya Mwajabu hakuna ambaye angejua. Bila mikono ya Isumaili asingekuwa na pumzi ya kungojea. Bila moyo wa Tausi wangemvuta hadi mto uwachukue wote. Msiniambie wote wanastahili, hilo hata Sheikh alilijua. Nafasi ni moja, nadhiri imeshatamkwa, na wale watatu wamesimama wanangoja.

Je, ungekuwa wewe, ungemtaja nani? Na ukishamtaja, hicho chakula cha jioni ungekwenda kukila kwa nani?